Fuata Njia ya Kombora, Kisha Fuata Njia ya Habari

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu mliotangulia, shikamooni. Na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya magofu ya ngome za mizinga za pwani, zile zilizojengwa au kuimarishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha zikaachwa vita vilipokwisha.

Nimeyapenda magofu haya kwa miaka mingi, na liko jambo linaloniuma. Watu hufika, hutafuta mzinga, hawaukuti. Hupiga picha ya shimo la duara lililojaa majani na maji ya mvua, husema hakuna kitu, huondoka. Kumbe kitu kipo, tena kingi, ila hakipo pale walipoelekeza macho. Mzinga ndio uliokuwa wa kwanza kuchukuliwa. Uingereza ilivunja kabisa ulinzi wake wa mizinga ya pwani mwaka 1956, na Marekani ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka 1950. Mahali pengi mizinga ilikatwa vipande kwa moto wa gesi, ikauzwa kama chuma chakavu. Anayekwenda kutafuta mzinga anakwenda kutafuta kitu ambacho tanuri la chuma lilikimeza kabla yeye hajazaliwa.

Ninalotaka kuwaambia leo ni namna nyingine ya kutembea ndani ya magofu haya. Kila ngome ya mizinga ya pwani ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni njia ya kombora: lilitoka ghalani chini ya ardhi, likapandishwa juu, likaingia kwenye mzinga. Ya pili ni njia ya habari: ilitoka baharini, ikaingia kwenye jicho la mlinzi, ikapita kwenye waya wa simu, ikageuka namba, ikamfikia mpiga mzinga. Njia hizo zilikutana mahali pamoja tu, kwenye kitako cha mzinga. Ukizifuata zote mbili kwa miguu, gofu linaanza kueleweka, hata kama hakuna kipande cha chuma kilichobaki.

Tuanze na ya kombora, maana ndiyo rahisi.

Simama ndani ya lile shimo la duara. Katikati utaona pete ya bolti nene, au matundu yake kama bolti zimeng'olewa. Hapo ndipo kitako cha mzinga kilipofungwa. Pima upana wa pete hiyo na uhesabu bolti, kwa sababu kila aina ya mzinga ilikuwa na kitako chake, na wenye ujuzi wataweza kukwambia ni upi uliosimama hapo. Pembeni, kwenye ukuta wa shimo, kuna vijumba vidogo vya zege kama rafu. Humo yaliwekwa makombora machache ya kuanzia, ili mzinga usisubiri ghala likiamka usingizini. Kutoka hapo tafuta ngazi au mlango unaoelekea chini.

Chini kuna vyumba vya akiba, na kwa kawaida utakuta kimoja cha makombora na kingine cha baruti. Kombora lenyewe ni chuma kizito na linavumilia mengi. Baruti ndiyo iliyokuwa roho ya watu, kwa hiyo ilitengwa, ikafungiwa milango yake, ikalindwa dhidi ya unyevu na dhidi ya cheche. Tazama mahali taa zilipowekwa. Kwenye ngome za zamani zaidi, zile za karne ya 19 zilizotumika tena vitani, utaona madirisha madogo yanayotazamana na ujia mwembamba usioingiliana na chumba cha baruti. Taa ilikaa upande wa pili wa kioo, na aliyeiwasha hakukanyaga kabisa mahali penye baruti. Mtu aliyepanga ujia ule alikuwa anafikiria maisha ya askari wa kawaida, na mimi kila ninapouona ujia wa namna hiyo namheshimu.

Sasa tazama dari. Kuna reli ya chuma, au alama zake? Mzinga wa Kiingereza wa inchi 9.2, yaani milimita 234, ulirusha kombora la ratili 380, ambalo ni yapata kilo 172. Hakuna wanaume wawili watakaobeba kitu hicho usiku kucha. Ndiyo maana kuna reli darini za kuning'iniza, kuna vigari, kuna tundu la lifti ndogo la kupandishia makombora juu. Kwenye kilima cha Oliver, kisiwani Rottnest huko Australia Magharibi, mizinga miwili ya aina hiyo ipo hadi leo pamoja na njia zake za chini ya ardhi na reli iliyojengwa kuhudumia ngome. Mizinga ile ilinusurika kwa sababu kuivunja na kuitoa kisiwani kungegharimu kuliko thamani ya chuma chake. Kisiwa cha Robben, mbele ya Cape Town, nacho kiliwekewa mizinga ya inchi 9.2. Dunia nzima inakijua kisiwa kile kwa gereza lake, lakini kabla ya wafungwa wa siasa wa miaka ya 1960 kulikuwa na askari wa mizinga waliokuwa wakiangalia bahari hiyo hiyo.

Ghala lina siri nyingine ambayo shimo la mzinga haliwezi kukupa, nayo ni kwamba ngome ilijiandaa kupigana na nani. Mfano mzuri ni Singapore. Watu wanapenda kusema kwamba Waingereza walipoteza Singapore mwaka 1942 kwa sababu mizinga yao mikubwa ilielekezwa baharini na haikuweza kugeuka, na Wajapani wakaja kwa nchi kavu. Kilichotokea si hicho. Baadhi ya mizinga ile ya inchi 15 iligeuzwa na ikafyatua kuelekea bara. Shida ilikuwa ghalani: makombora mengi yaliyowekwa yalikuwa ya kutoboa deraya, yaani mabamba mazito ya chuma, ya manowari. Kombora la namna hiyo likianguka kati ya askari wa miguu huzama ardhini kwanza, na madhara yake huwa madogo kuliko kelele zake. Kosa lilifanyika miaka kadhaa nyuma, na karani aliyejaza orodha ya akiba alikuwa nalo kwenye daftari lake bila kujua. Kwa hiyo mkiona kwenye kuta za ghala maandishi yaliyofifia, herufi na namba za rangi nyekundu au nyeusi, msipite haraka. Mara nyingi yanataja aina ya kombora lililokaa hapo.

Njia ya kombora nimeimaliza. Njia ya habari ndiyo iliyonifanya nisimame mbele yenu.

Chukueni meli inayokwenda kasi ya noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa, ambayo manowari nyingi za wakati ule ziliifikia. Kwa dakika moja inasafiri zaidi ya mita 900. Kombora la mzinga wa masafa marefu linaporuka kilomita 20 linakaa hewani yapata dakika nzima. Kwa hiyo mpiga mzinga hailengi meli. Akiilenga pale ilipo, kombora litaanguka kwenye maji ambayo meli ilishayaacha karibu kilomita moja nyuma. Lazima alenge bahari tupu, mahali ambapo meli itakuwa. Ili afanye hivyo anahitaji kujua umbali, uelekeo, kasi, upepo, joto la baruti, hata mzinga wenyewe umechakaa kiasi gani kwa ndani. Na yeye mwenyewe haoni chochote kati ya hivyo. Katika ngome nyingi askari waliohudumia mzinga hawakuiona kabisa meli waliyokuwa wakiipiga. Walikuwa wanasoma namba kwenye saa ya chuma mbele yao na kuzungusha gurudumu hadi mshale ukae pale walipoambiwa.

Namba hizo zilitoka wapi? Ondokeni kwenye shimo la mzinga, tembeeni kuelekea bahari au mpande kilima. Mtakuta jengo fupi la zege lenye ufa mrefu ulalao, kama jicho lililofumbwa nusu. Hicho ndicho kituo cha uangalizi. Watalii huingia humo kwa ajili ya mandhari, na mandhari ni nzuri kweli, lakini tazameni chini kwanza. Katikati ya sakafu kuna nguzo fupi ya zege au bamba la chuma lenye matundu, na hapo ndipo darubini ya kupimia umbali iliposimama.

Umbali ulipimwa kwa njia kadhaa, na iliyo rahisi kueleza ni ya pembe. Kama najua niko juu ya usawa wa bahari kwa mita ngapi, na darubini yangu inanionyesha pembe ninayoinamisha jicho hadi kufikia mstari wa maji ubavuni mwa meli, pembetatu imekamilika na umbali unapatikana. Ndiyo sababu vituo hivi vilipenda kukaa juu. Lakini usawa wa bahari hautulii, maji yanajaa na kupwa. Chukua kituo kilicho mita 60 juu ya maji na meli iliyo umbali wa kilomita 10. Maji yakiwa yamepanda mita 2 na mpimaji hakusahihisha, hesabu yake itakosea kwa zaidi ya mita 300, na kombora litaanguka nyuma kabisa ya meli. Kwa hiyo ndani ya ngome, mchana na usiku, palikuwa na mtu mwenye kazi ya kujua maji yamefika wapi. Wavuvi na mabaharia wamefanya kazi hiyo tangu zamani kwa jicho na kwa mwezi. Hapa ilifanywa kwa kijiti chenye vipimo na meza ya namba, na makombora yaliisubiri.

Njia nyingine ilikuwa kuweka vituo viwili vilivyoachana kilomita kadhaa, umbali kati yake ukiwa umepimwa kwa uangalifu mkubwa. Kila kituo kinataja uelekeo wa meli ile ile kwa sekunde ile ile, na pale mistari miwili inapokatana kwenye ramani ndipo meli ilipo. Hii ina maana kwamba ngome moja inaweza kuwa na kijumba cha zege kilicho mbali kabisa nayo, kwenye rasi nyingine, ambacho leo hakuna anayekumbuka ni cha nini. Ukikikuta kijumba pekee juu ya kilima kinachotazama bahari, kisicho na shimo la mzinga karibu, uliza ngome iliyo jirani ni ipi. Huenda umeokota nusu ya pili ya pembetatu. Baadaye vitani ikaja rada, na kazi nyingi ya jicho ikahamia humo, lakini waya wa simu ulibaki kuwa uti wa mgongo.

Kati ya macho na mizinga kulikuwa na chumba cha ramani. Kwangu hiki ndicho chumba bora katika ngome nzima, na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, maana kwa sura ni chumba tu. Hapo ndipo vijana, mara nyingi wa miaka 19 au 20, waliinama juu ya meza, wakiwa na vifaa vya simu masikioni, wakichora njia ya meli nukta kwa nukta na kutabiri nukta ifuatayo. Tafuteni matundu ya nyaya ukutani, yakiwa mengi mahali pamoja. Tafuteni alama za meza kubwa sakafuni na bomba la sauti linalopenya dari. Chumba chenye matundu mengi ya nyaya kuliko vyote ndicho kilichokuwa na akili ya ngome.

Nawaombeni sasa mnifuate hadi Longues-sur-Mer, Normandy, kwenye pwani ya kaskazini ya Ufaransa, maana pale njia hizi mbili zinaonekana wazi kuliko mahali pengi ninapopajua. Wajerumani walijenga mabanda manne ya zege, kila moja na mzinga mmoja wa milimita 150 uliotengenezwa kwenye viwanda vya Škoda, wenye kufika yapata kilomita 20. Kwa sehemu kubwa ya ngome za Normandy mizinga imeondolewa, lakini pale bado mtaikuta ndani ya mabanda yake. Mbele ya mabanda, ukingoni kabisa mwa genge refu, yaani mwamba uliokatika wima juu ya bahari, kuna kituo cha uangalizi cha ghorofa mbili. Paa lake linaonekana kuelea juu ya ufa wa mbele, kwa kuwa limeshikwa na nguzo nyembamba za chuma ili lisizuie macho.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni 1944, siku ambayo majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalivuka bahari kuikomboa Ufaransa kutoka kwa Wajerumani, mbele ya kituo kile palitokea kundi la meli ambalo dunia haikuwahi kuliona mfano wake. Ngome ilifyatua. Manowari za Uingereza, Ufaransa na Marekani zikajibu. Lakini jambo kubwa lilikuwa limeshatokea kabla ya hapo: mabomu ya ndege yalikuwa yamekata nyaya za simu kati ya kituo cha genge na mizinga. Zege lilivumilia vizuri sana. Mabanda yalikuwa na kuta nene za kipimo cha mita 2. Kilichovunjika ni waya, kitu chembamba kama kidole. Mizinga ilibaki na nguvu zake zote, ila haikuwa na mtu wa kuiambia bahari ikoje, na wapigaji walilazimika kulenga kwa namna yoyote waliyoweza. Siku iliyofuata ngome ilitekwa na askari wa Kiingereza.

Mkisimama kwenye kituo kile, geukeni, muipe bahari mgongo, mtazame mabanda kule nyuma shambani. Nafasi ile ya majani katikati, isiyo na kitu cha kupiga picha, ndipo vita vya ngome ile vilipoamuliwa.

Kuna ngome nyingine, isiyo mbali na hapo, yenye somo tofauti. Pointe du Hoc ilipangiwa mizinga sita ya milimita 155, ya Kifaransa, ya tangu Vita vya Kwanza. Askari 225 wa Marekani wakiongozwa na Luteni Kanali James Rudder walipanda genge la mita 30 hivi kwa kamba na ngazi, huku wakipigwa kutoka juu. Walipofika hawakukuta mizinga. Wajerumani walikuwa wameihamisha kwa sababu ya mabomu ya ndege, wakasimamisha magogo mahali pake. Sajenti wawili, Leonard Lomell na Jack Kuhn, waliifuata hadi walipoikuta imefichwa barani, wakaiharibu kwa mabomu ya mkono yenye kuyeyusha chuma. Kufikia tarehe 8 Juni kati ya wale 225 waliokuwa bado na uwezo wa kushika silaha walikuwa yapata 90. Shimo lisilo na mzinga pale Pointe du Hoc lilikuwa tupu asubuhi ile ile ya vita. Kwa hiyo utupu nao tuusome kwa makini, maana si kila shimo liliachwa tupu na wauza chuma chakavu.

Na kuna wakati ambapo njia yote ya habari ilifupishwa hadi ikawa macho ya mtu mmoja na uamuzi wake. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Aprili 1940, kwenye ngome ya Oscarsborg katika mlango wa bahari unaokwenda Oslo, Kanali Birger Eriksen aliona meli kubwa zikija gizani. Norway haikuwa imetangaza vita. Hakuwa ameambiwa ni za nani. Mizinga yake mikuu ilikuwa ya milimita 280, ya kiwanda cha Kijerumani cha Krupp, yenye umri wa zaidi ya miaka 40, na ilipewa majina ya Moses, Aron na Josva. Askari wenye ujuzi walitosha mzinga mmoja tu, akawagawa kwenye miwili na kuwajazia nafasi kwa watu wengine, wapishi wakiwemo. Meli ilipita umbali wa chini ya kilomita 2, umbali ambao kwa mzinga wa ukubwa ule ni kama mlangoni. Mizinga miwili ilifyatua mara moja moja, na yote ikapiga. Torpido kutoka ngome ya pembeni zikamalizia. Manowari Blücher, ya Kijerumani, ilizama asubuhi hiyo, na kucheleweshwa huko kulimpa Mfalme Haakon VII, serikali, bunge na dhahabu ya nchi nafasi ya kutoka Oslo. Mizinga ile ipo mpaka leo. Mimi nikimfikiria Eriksen huwa sifikirii mizinga, nafikiria zile dakika kabla ya kutoa amri.

Nimesema mizinga mingi ilikatwakatwa, lakini mingine ilisafiri kabla ya kufikia hapo, na safari zake zinastahili kufuatiliwa. Kisiwani Guernsey, karibu na pwani ya Ufaransa, Wajerumani walijenga ngome waliyoiita Mirus, yenye mizinga minne ya milimita 305. Mizinga hiyo ilitengenezwa Urusi kwa ajili ya manowari ya mfalme wao, Imperator Aleksandr III. Baada ya mapinduzi, meli ilikimbilia Bizerte, Tunisia, pamoja na mabaki ya jeshi lililoshindwa. Ilivunjwa huko, mizinga ikahifadhiwa. Mwaka 1940 Ufaransa ikaipeleka Finland kusaidia vita dhidi ya Urusi hiyo hiyo, na minne kati yake ikakamatwa na Wajerumani ikiwa melini bandarini Bergen, Norway. Ndivyo ilivyofika Guernsey, mahali ambapo moja ya mashimo yake lilifunikwa na kupakwa rangi hadi kutoka juu likaonekana kama nyumba ya kawaida. Waliowahi kuingia Fort Jesus, Mombasa, wameona mzinga mwingine msafiri, wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikaburutwa nchi kavu kupigana upya.

Sasa niwatoe kwenye mizinga kabisa.

Wekeni kiganja juu ya ukuta wa ngome yoyote kati ya hizi. Mtahisi mistari. Ni alama za mbao walizofungia zege likiwa bichi, na mnaweza kuona hata vifundo vya mti na upana wa kila ubao. Mtu aliupigilia ubao ule misumari. Mtu alibeba saruji ile mgongoni. Kwenye ukuta ule mrefu wa ngome uliotoka kaskazini mwa Norway hadi mpaka wa Ufaransa na Hispania, kazi iliendeshwa na shirika la ujenzi la Wajerumani, Organisation Todt, kwa mikono ya vibarua wa kulipwa, ya walioshurutishwa, na ya wafungwa. Kisiwani Alderney, jirani na Guernsey, palikuwa na kambi nne za wafanyakazi, wengi wao wakiwa watu kutoka Ulaya Mashariki, Wahispania waliokuwa wamepigania jamhuri yao, na Wayahudi waliotolewa Ufaransa. Uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka 2024 ulikadiria kwamba waliokufa kisiwani humo ni kati ya 641 na 1,027. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 5 na ushee tu.

Ninasema haya kwa makusudi, kwa sababu nimesikia watu wakisifia zege la ngome hizi kwa namna isiyonipendeza. Wanasema lilijengwa imara, angalia halijapasuka. Ni imara kweli. Lakini sifa hiyo isitamkwe bila kutaja nani alilimwaga na alikula nini siku hiyo. Hapa na pale mtakuta jina au tarehe iliyochorwa kwa kijiti zege likiwa halijakauka. Likipatikana, hilo ndilo la kwanza kupigwa picha, kabla ya bolti na kabla ya reli.

Na wale waliokaa humo wakingoja? Ngome nyingi sana hazikufyatua hata kombora moja kwa adui. Mizinga ya Robben ilimaliza vita hivyo hivyo. Wapo wanaosema basi gharama ilikuwa bure. Sikubaliani nao, kwa sababu nahodha wa manowari anayejua kuna mizinga ya inchi 9.2 haikaribii bandari, na meli za mizigo zilizo ndani zinapakua salama. Lakini kwa askari mwenyewe kazi ilikuwa kusubiri, kupaka mzinga mafuta, kusubiri tena. Kusubiri huko kumeacha alama: michoro ukutani, kalenda zilizokwaruzwa kwa msumari, picha ya ufuo iliyopakwa rangi juu ya ufa wa kuangalilia ikiwa na umbali wa kila jiwe na kila mnara, ili kijana wa zamu asihitaji kukisia. Mwaka 2008, huko Houvig, Denmark, mawimbi yalifukua mahandaki yaliyokuwa yamezikwa na mchanga tangu 1945, na ndani vikakutwa vyombo na vitu vya askari kama walivyoviacha.

Houvig ni bahati. Kwa kawaida bahari haifukui, inabomoa. Na watu nao wanafukia: ngome ya Lindemann huko Sangatte, Ufaransa, iliyokuwa na mizinga mitatu ya milimita 406, imelala chini ya udongo uliotolewa wakati wa kuchimba njia ya reli ya chini ya bahari kwenda Uingereza.

Kwa hiyo mnakwendaje? Kwanza ombeni ruhusa ya mwenye ardhi, iwe serikali au mtu binafsi. Msiende mmoja mmoja, na kila mtu awe na taa mbili. Kabla ya kushuka chini, tupieni jicho sakafu yote, maana matundu ya lifti za makombora mara nyingi hayana tena vifuniko na hujaa maji meusi yanayofanana na sakafu. Chumba cha chini ambacho hakijafunguliwa kwa miaka huenda kina hewa mbaya, kwa hiyo msiingie kabla hakijapitisha hewa na kabla mtu mmoja hajabaki nje. Dari lenye nondo zilizofura kwa kutu linadondosha vipande bila onyo. Mkikuta popo wamelala, hasa katika nchi za baridi wakati wa kipupwe, rudini nyuma kimya kimya. Akiamshwa anatumia mafuta ya mwili aliyoyaweka ya kumfikisha mwisho wa msimu, na anaweza kufa njaa.

Na kitu chochote chenye umbo la kombora, hata kama kimekuwa donge la kutu, hata kama jirani amekiegemeza mlangoni kwake kwa miaka, msikiguse. Baruti na fataki haziishi makali kwa kuzeeka, nyingine huzidi kuwa nyepesi kulipuka. Wekeni alama mahali, ondokeni kwa njia mliyojia, piteni polisi.

Vitu vidogo viacheni vilipo. Kifungo cha koti kilichookotwa na kutiwa mfukoni ni kifungo tu. Kikiwa kwenye kona ya chumba cha ramani, kando ya alama za kiti, kinaonyesha mtu alikaa wapi. Pigeni picha, pimeni umbali wake kutoka kuta mbili, andikeni, mkiache. Choreni ramani ya ngome nzima kwa kufuata njia zile mbili, moja kwa rangi nyekundu na nyingine kwa buluu, na mtashangaa jinsi majengo mliyoyaona hayana maana yatakavyojipanga yenyewe.

Ramani hizo na picha zake msizifungie kwenye simu. Nakala moja iende kwa mamlaka ya mambo ya kale, nyingine kwa maktaba au makumbusho ya karibu, na nyingine kwa wazee wanaoishi kando ya ngome, kwa sababu wakiiona karatasi mbele yao watawaonyesha mlango ambao nyinyi hamkuuona. Mwisho, pale ngome ilipo ukingoni, pimeni umbali kutoka ukuta wa mbele hadi mahali genge linapokatika, muandike na tarehe. Mwakani mtu mwingine akapime tena kutoka jiwe lile lile.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.